Shilingi 200 zisizobadilika: kisa cha mfumo wa mishahara uliokataa kustaafu

Kisa hiki ni cha kampuni moja ya maghala na uchukuzi katika pwani ya Kenya. Jina la kampuni, majina ya watu na vitu vidogo vinavyoweza kumtambulisha mtu nimeviondoa. Viwango vya makato na tarehe za sheria nimeviacha kama vilivyo, kwa sababu bila hivyo hakuna kisa. Mimi ndiye niliyeutunza mfumo huo kwa mkataba, na baadhi ya makosa yatakayosimuliwa ni yangu.

Mfumo ulivyokuwa

Programu iliandikwa mwaka 2004 na kijana mmoja, peke yake, kwa Visual FoxPro, chombo cha Microsoft cha kuandikia programu na hifadhidata. Wakati huo lilikuwa chaguo la busara: ilikuwa nyepesi, haikuhitaji seva ya maana, na mtu mmoja aliweza kuandika skrini, ripoti na hifadhidata bila kutoka nje ya chombo kimoja. Miaka mitatu baadaye, Machi 2007, Microsoft ilitangaza kwamba toleo la 9 ndilo la mwisho. Msaada wote ukakoma Januari 2015. Mwandishi wa programu alikuwa ameshahamia Ghuba zamani, na aliacha folda moja, nywila iliyoandikwa kwenye kalenda ya ukutani, na sifa ya kuwa mtu aliyejibu simu hata usiku.

Wafanyakazi walikuwa karibu 300: walinzi, makuli wa ghala, madereva wa malori na utingo wao, makarani, na mameneja wachache. Mishahara ilifungwa tarehe 25. Mfumo ulikokotoa mshahara ghafi, ukakata PAYE (kodi ya mapato), NHIF (bima ya afya) na NSSF (akiba ya uzeeni), ukachapa hati za mshahara na orodha za kupeleka makato kila kunakohusika.

Msimbo wake haukuwa mbaya. Viwango vya PAYE na ngazi za NHIF vilikaa kwenye majedwali ambayo mhasibu aliweza kuyafungua kutoka kwenye menyu na kuyabadilisha mwenyewe. NSSF haikuwa na jedwali. Mchango ulikuwa shilingi 200 kutoka kwa mfanyakazi na 200 kutoka kwa mwajiri, na ulikuwa hivyo kwa muda mrefu kiasi kwamba watu waliutaja kama wanavyotaja umbali wa kwenda Mariakani. Basi ndani ya programu kukawa na mstari huu:

REPLACE nssf WITH 200

Nao haukuwa mmoja. Nilikuja kuuhesabu baadaye: ulirudiwa mahali kumi na moja, kwenye mishahara ya kawaida, malimbikizo, malipo ya kuacha kazi, ripoti ya mwisho wa mwaka, na kadhalika. Safu yenyewe kwenye hifadhidata ilipewa upana wa tarakimu tatu. Kwa nini iwe zaidi? Mia mbili ni tarakimu tatu.

Onyo la 2015

Kazi yangu ya kwanza ya maana ilikuja Aprili 2015, NHIF ilipopandisha michango. Kabla ya hapo ngazi zilianzia shilingi 30 na kuishia 320. Sasa ya juu kabisa ikawa 1,700. Mhasibu alijaza jedwali vizuri, akaendesha jaribio, na wakubwa wote wakatoka na nyota tatu mahali pa NHIF: ***.

Asiyeijua FoxPro ataona ni muujiza. Namba ikizidi upana wa safu, na isipobaki desimali ya kupunguza, programu huandika nyota tu. Safu ya NHIF nayo ilikuwa ya tarakimu tatu. Nikaipanua hadi nne, nikarekebisha ripoti, nikanywa chai niliyoletewa, nikaondoka.

Safu ya NSSF ilikuwa mstari mmoja chini yake kwenye skrini ileile. Niliiona. Nilijiambia: hii haitabadilika.

Viwango vilivyokwenda na kurudi nusu

Aprili 2020, katika hatua za kukabiliana na korona, serikali iliteremsha kiwango cha juu cha PAYE kutoka asilimia 30 hadi 25, na nafuu ya kodi ya kila mtu ikapanda kutoka shilingi 1,408 hadi 2,400 kwa mwezi. Januari 2021 asilimia 30 ikarejea, ila nafuu ikabaki 2,400 na ngazi za kodi zikawa tatu tu. Yaani hatukurudi tulikotoka.

Mara zote mbili mhasibu alifungua jedwali, akafuta namba za zamani na kuandika mpya juu yake. Ndivyo mfumo ulivyomfundisha. Hakuna aliyeona kasoro, kwa sababu mishahara ya mwezi huo ilitoka sawasawa.

Malimbikizo ya miezi kumi na tisa

Kasoro ilijitokeza Aprili 2021. Dereva wa foklifti aliyefukuzwa mwanzoni mwa Septemba 2019 alirudishwa kazini kwa mapatano, na kampuni ikakubali kumlipa malimbikizo ya miezi yote kumi na tisa. Mfumo ulikuwa na sehemu ya malimbikizo. Mhasibu aliandika miezi, akabonyeza, akapata karatasi.

Kisha akanipigia simu. Nayakumbuka maneno yake karibu yote:

"Mwanangu, huyu mtu mwezi wa nane alikatwa kodi elfu sita mia mbili na tisa. Mwezi wa tisa, elfu tano mia nane ishirini na tatu. Mshahara ni uleule, elfu arobaini na tano. Serikali ilimwonea huruma usiku mmoja?"

"Shikamoo mama. Hebu nisomee tena."

"Marahaba. Sikusomei tena. Njoo."

Hesabu ya mfumo ilikuwa sahihi kabisa, kwa sheria ya Aprili 2021. Lakini miezi saba kati ya ile kumi na tisa ilikuwa ya sheria ya zamani, tisa ya sheria ya korona, na mitatu tu ndiyo ya sheria mpya. Programu haikujua kwamba kuliwahi kuwa na sheria nyingine. Tulikuwa tumeifutia kumbukumbu kwa mikono yetu, mara mbili.

Malimbikizo yale tuliyakokotoa kwenye lahajedwali, usiku, tukitumia hati za mshahara za zamani alizokuwa amezihifadhi mhasibu kwenye masanduku ya karatasi za kuchapia. Yale masanduku yatarudi tena katika kisa hiki.

Kununua au kukarabati

Wakurugenzi walitaka kununua mfumo mpya, nami sikuwalaumu. Lugha imeachwa na walioitengeneza, fundi ni mmoja, na sasa mfumo umeonekana ukikosea. Muuzaji alikuja, akaonyesha skrini nzuri, kisha akauliza swali la haki: tupeni kanuni zenu za malipo kwa maandishi.

Hatukuwa nazo. Kanuni zilikuwa ndani ya msimbo. Nikapewa wiki tatu nizisome na kuziandika, na wiki hizo ndizo zilizoamua mambo. Nilikuta posho ya kulala njiani inayobadilika lori likivuka mpaka. Nilikuta siku ya ugonjwa inayoangukia Ijumaa ikihesabiwa tofauti kwa idara moja. Nikakuta mstari unaomwongezea shilingi 50 kila mfanyakazi mwenye namba iliyo chini ya 1,100, bila maelezo yoyote isipokuwa neno moja: usiguse.

Mhasibu hakujua. Meneja utumishi hakujua. Tulimpigia mtangulizi wake, mama aliyestaafu miaka kadhaa nyuma, na baada ya salamu ndefu na kuulizana hali za watoto akacheka: "Hiyo ya baiskeli hiyo!" Zamani, enzi za leja za mkono, chama cha wafanyakazi kilikubaliana na kampuni kuhusu posho ya baiskeli kwa waliokuwapo. Leja ikaingia kwenye kompyuta, na baiskeli ikaingia pamoja nayo.

Muuzaji alipopata hati yangu alitaja bei ya kuingiza kanuni hizo zote kwenye bidhaa yake. Ilizidi bei ya bidhaa yenyewe. Zaidi ya hayo, mambo mawili yalitutia hofu: angetupa majedwali ya viwango vya sasa tu, bila historia, yaani shimo lilelile tulilokwisha kutumbukia, na tusingekuwa na njia ya kuthibitisha kwamba mfumo mpya unatoa majibu ya ule wa zamani.

Tukaamua kubaki na FoxPro na kubadilisha vitu viwili tu. Kwanza, kila kiwango kiwe na tarehe ya kuanza kutumika, na kukokotoa mwezi wowote kuanze kwa kuuliza: mwezi huo sheria ilikuwa ipi? Hakuna kufuta namba tena, unaongeza mstari. Pili, tuwe na mizani. Niliandika programu ndogo inayokokotoa upya kila mwezi tangu Aprili 2015 na kulinganisha jibu na lililochapwa wakati huo, hadi senti. Viwango vya zamani vilitoka kwenye yale masanduku.

Mizani ilipoendeshwa mara ya kwanza, miezi mitatu haikulingana. Nilitafuta kosa katika msimbo wangu siku mbili nzima. Halikuwa humo. Karani mmoja wa zamani alikuwa akifungua jedwali moja kwa moja kwa amri ya BROWSE na kusahihisha namba kwa mkono mtu akilalamika, kisha anachapa. Miezi hiyo tuliiwekea alama na kuiacha kama ilivyo. Mizani haitoi hukumu juu ya waliotangulia.

Nyota tatu

Kazi hiyo ilichukua muda, katikati ya shughuli nyingine. Kufikia Januari 2023 PAYE na NHIF zilikuwa na tarehe. NSSF haikuwamo. Nilikuwa na sababu nzuri, ileile ya 2015.

Sheria mpya ya NSSF ilikuwapo tangu 2013, lakini ilikwama mahakamani miaka na miaka, na Septemba 2022 mahakama ya masuala ya kazi iliibatilisha. Tarehe 3 Februari 2023 Mahakama ya Rufani ikaifufua, na makato yakatakiwa kuanza mwezi huohuo. Asilimia 6 ya mshahara, kwa ngazi mbili: ya kwanza hadi shilingi 6,000, ya pili hadi 18,000. Mtu aliyekuwa akikatwa 200 sasa angekatwa hadi 1,080. Kutoka hukumu hadi tarehe yetu ya kufunga mishahara kulikuwa na siku ishirini na mbili.

Nilitoa ule mstari kwenye sehemu zote kumi na moja, nikaweka kikokotoo kimoja kinachosoma jedwali lenye tarehe. Nikajaribu kwa mlinzi wa mshahara wa 15,000. Ikaja 900. Nikajaribu kuli. Sawa. Nikaondoka.

Asilimia 6 ya 16,650 ni 999. Kila aliyekuwa chini ya hapo alitoka salama. Kila aliyekuwa juu yake alizidi tarakimu tatu, akapata nyota. Mshahara wa kupokea ulitoka sahihi, kwa kuwa ulikokotolewa kwenye kumbukumbu kabla ya namba kuandikwa kwenye safu. Kwa hiyo benki ililipa na hakuna mfanyakazi aliyelalamika. Lakini orodha ya kupeleka NSSF husoma safu. Karani aliyetakiwa kuipeleka alinitumia picha ya skrini bila neno lolote: majina, namba za uanachama, na kurasa za nyota, kama mtu aliyemwaga mchele.

Tulirekebisha usiku ule kabla ya siku ya mwisho ya kuwasilisha. Safari hii nilipitia kila safu ya fedha katika hifadhidata nzima na kuipanua, ikiwemo ambazo niliamini hazitabadilika. Hasa hizo.

Ushuru uliokuja, ukaondoka, ukarudi

Tangu Julai 2023 ikaja ada ya nyumba: asilimia 1.5 kwa mfanyakazi, na mwajiri vivyo hivyo. Kwetu ulikuwa mstari mpya kwenye jedwali na safu mpya kwenye hati. Novemba mahakama ikasema si halali, ikaacha ikatwe kwa muda. Tarehe 26 Januari 2024 Mahakama ya Rufani ikakataa kuongeza muda huo, makato yakasimama. Tarehe 19 Machi sheria mpya ikatiwa saini, yakarudi.

Hapo nikagundua kwamba jedwali langu lilijua kuanza, halikujua kukoma. Nilikuwa nimedhani kiwango kipya siku zote hukirithi cha zamani. Tuliandika mstari wa asilimia sifuri, nao ukafanya kazi, ila hati za Februari zikatoka na "Ada ya nyumba 0.00", na meneja utumishi akashinda siku nzima akieleza kwa nini kitu kisichokatwa kimeandikwa. Nikaongeza tarehe ya mwisho.

Oktoba 2024 NHIF ikafa, SHIF ikachukua nafasi yake: asilimia 2.75 ya mshahara, isiyopungua shilingi 300, bila kikomo cha juu. Mtu wa 400,000, aliyekuwa akilipa 1,700, akawa analipa 11,000. Tarakimu tano. Nyota hazikuonekana.

Pigo halisi lilikuja tarehe 27 Desemba 2024, na halikuwa la kiwango. Sheria iliyoanza siku hiyo ilifanya SHIF na ada ya nyumba zitolewe kabla ya kodi kukokotolewa. Asilimia ni zilezile. Kilichogeuka ni mpangilio. Jedwali lenye tarehe halina la kusema juu ya jambo hilo, kwa kuwa mpangilio ulikuwa ndani ya msimbo: kodi juu, makato haya chini. Ningeweza kuhamisha mistari, lakini hapo miezi yote ya nyuma ingekokotolewa kwa mpangilio mpya, na malimbikizo yatakayofuata yangekosea tena kama yale ya dereva wa foklifti.

Mizani ndiyo iliyotuokoa. Nilihamisha mistari kwa majaribio, ikapiga kelele kuanzia Julai 2023. Basi kila kato likapewa sifa moja zaidi yenye tarehe: linatolewa kabla ya kodi au baada. Jioni mizani ikapita tangu 2015 hadi mwezi uliopita bila tofauti, ukiondoa miezi mitatu ya karani.

Kilichofaa na kilichoshindikana

Meir Lehman, aliyechunguza OS/360, mfumo endeshi wa kompyuta za IBM, pamoja na László Bélády, alieleza tangu miaka ya 1970 kwamba programu inayotumika katika shughuli za watu hulazimika kubadilika mfululizo, la sivyo manufaa yake hupungua. Na kwamba kila inapobadilishwa hukorogeka zaidi, isipokuwa mtu afanye kazi ya makusudi kuipangua. Kisa hiki kinamuunga mkono katika yote mawili. Ila kanuni hizo zinakwambia mabadiliko yatakuja, hazikwambii yataingilia mlango upi.

Mwandishi wa 2004 alibahatisha mlango. Aliweka majedwali mahali palipokuwa na ngazi nyingi na akaandika namba moja kwa moja mahali palipokuwa na namba moja. Alipanga kwa umbo la hesabu, si kwa uwezekano wa kubadilika, na sidhani mtu mwingine angefanya vizuri zaidi kwa alichokijua. Wa kulaumiwa ni mimi. Mwaka 2015 nilikuwa na ushahidi ambao yeye hakuwa nao: safu iliyodhaniwa haitazidi tarakimu tatu imezidi. Nilitibu safu, sikutibu dhana. Dhana ileile ilikaa mstari mmoja chini, ikanisubiri miaka minane.

Kukataa mfumo mpya kulikuwa uamuzi sahihi kwa wakati ule, lakini si kwa sababu niliyoitoa mkutanoni. Nilizungumza juu ya bei. Sababu yenye uzito ni kwamba mwaka 2021 hatukuwa na kipimo. Bila mizani, mfumo mpya ungekosea nasi tusingejua. Na wa zamani nao ulikuwa ukikosea bila sisi kujua. Leo, tukiwa na mizani na kanuni zilizoandikwa, hoja ya kuhama ina nguvu zaidi kuliko wakati ule. Nimewaambia hivyo wakurugenzi, ingawa ni kujinyima mkate.

Jaribio la mlinzi na kuli lilishindwa kwa sababu nilichagua watu rahisi kuwakokotoa kwa kichwa. Mizani nayo isingelinikamata: inaangalia nyuma, na huko nyuma kila mtu alilipa 200. Tangu hapo kila sheria mpya inajaribiwa kwa watu wanne wasiokuwapo: mwenye mshahara wa chini kabisa, wa juu kabisa, aliye shilingi moja chini ya ngazi, na aliye shilingi moja juu yake.

Na yale masanduku. Mhasibu aliyahifadhi kinyume cha agizo la ofisi la kupunguza karatasi. Historia ya viwango tuliyonayo kwenye jedwali imetoka humo.

Hali ilivyo sasa

Februari 2025 ngazi ya juu ya NSSF ilipanda hadi 72,000, na mchango wa juu kabisa ukawa 4,320. Mhasibu aliongeza mstari mwenyewe, akaendesha mizani, akafunga mishahara. Nilisikia wiki iliyofuata, tukizungumza mambo mengine.

Kikokotoo sasa kimesimama peke yake, kimetengana na skrini na ripoti, na ndicho kitakachohamishwa kwanza siku ya kuhama ikifika. Faili za FoxPro zina kikomo cha gigabaiti 2 kwa kila jedwali. Letu bado liko mbali nacho, lakini kompyuta zinazokubali kuiendesha bila kubembelezwa zinapungua.

Mstari wa baiskeli upo. Tumefuta neno usiguse, tukaandika maelezo ya mama mstaafu mahali pake. Wenye namba chini ya 1,100 wamebaki wawili, na mmoja anastaafu Desemba.